Kusanifu vioo vya darubini baridi ya puto: mwongozo kwa vijana wa Malindi

Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza fizikia ya sekondari, mwenye kompyuta inayofungua Excel au Python, anayetaka kusanifu darubini ya kweli na si kusoma habari zake tu. Malindi ni mahali pake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, na ikaitwa Uhuru. Astronomia ina historia kwenye pwani hii, na sioni kwa nini vijana wetu waishie kuionyesha kwa wageni.

Darubini tutakayosanifu haiendi kwa roketi. Inaning'inia chini ya puto la heliamu, kilomita 38 hivi juu ya ardhi, ikitazama mawingu ya vumbi na gesi ambamo nyota huzaliwa. Vumbi hilo ni baridi mno, kelvini 10 hadi 20 (kelvini 0 ni nyuzi 273 chini ya sifuri). Gawanya 2898 kwa kelvini upate urefu wa wimbi ambako kitu hung'aa zaidi, kwa maikroni (maikroni 1,000 ni milimita moja): vumbi la kelvini 10 hung'aa zaidi karibu na maikroni 290, la kelvini 20 karibu na maikroni 145. Jicho halioni mawimbi hayo, na mvuke wa maji huyameza. Hapa kwetu, ambapo shati hulowa kabla ya saa nne asubuhi, hayafiki ardhini kabisa. Setilaiti ya Herschel iliyachunguza kuanzia 2009 hadi 2013, kisha heliamu yake ikaisha. Ndege ya SOFIA ilistaafishwa 2022. Darubini ya Webb inaishia karibu na maikroni 28. Kwa sasa njia iliyo wazi zaidi ya kuyaona ni puto.

Kabla ya hatua ya kwanza, bandika swali hili ukutani: kigunduzi, yaani kifaa kinachopokea mwanga mwishoni mwa darubini, kinaona nini? Wengi huanza kwa kuchora vioo na kuwaza ukali wa picha. Kwenye darubini baridi anza na joto, maana kila kitu kilicho mbele ya kigunduzi kinatoa mwanga wake chenyewe, kuanzia vioo na miguu inayovishikilia hadi dirisha na hewa iliyobaki juu.

Hatua ya 1: Geuza swali la sayansi liwe namba

Usiseme "nataka kuona nyota zikizaliwa". Sema unataka kuona nini, cha ukubwa gani, umbali gani. Mfano: picha za Herschel zilionyesha kwamba mawingu haya yamejaa nyuzi ndefu za vumbi zenye upana wa karibu theluthi ya mwaka wa nuru, na kwamba vitoto vya nyota hujipanga juu ya nyuzi hizo. Tuseme unataka kuutenga upana wa uzi mmoja katika Orioni, umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi. Uzi huo unaonekana kwa pembe ya karibu sekunde 50, na sekunde hizi ni zile za pembe, 3,600 katika nyuzi moja ya pembe.

Pembe ndogo kabisa ambayo kioo kinaweza kutenganisha ni 1.22 mara urefu wa wimbi, gawanya kwa kipenyo cha kioo. Kwa maikroni 250 na kioo cha mita 2 unapata sekunde 31, kwa hiyo Orioni inatosheka. Sasa jaribu wingu la Vela C, lililo umbali wa miaka ya nuru 3,000 hivi: uzi uleule unakuwa sekunde 23, na kioo cha mita 2 hakiutengi. Hata cha mita 2.5, kama kile cha darubini ya puto ya BLAST-TNG iliyoruka Antaktika Januari 2020, kinafika sekunde 25 tu. Namba hizi ndizo zitakazokuamulia ukubwa wa kioo. Kwa mwongozo huu tunashika mita 2, maikroni 250 na Orioni.

Hatua ya 2: Hesabu mwanga wa darubini yenyewe

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu hatua hii ndiyo inayozaa usanifu wote uliobaki.

Fungua Python, uandike fomula ya Planck kwa sura yake fupi: chukua 14,388, gawanya kwa urefu wa wimbi kwa maikroni, gawanya tena kwa joto kwa kelvini. Jibu liite x. Kisha hesabu 1 gawanya kwa (e kwa kipeo cha x, toa 1). Namba hiyo inalingana na mwanga ambao kitu cheusi (kinachomeza mwanga wote unaokiangukia) cha joto hilo hutoa katika wimbi hilo. Kwa maikroni 250 utaona hivi: kwa kelvini 250 jibu ni 3.9; kwa kelvini 40 ni 0.31; kwa kelvini 10 ni 0.0032; kwa kelvini 4 ni karibu 0.00000056.

Zitazame vizuri. Kushusha kioo kutoka kelvini 250 hadi 40 kunapunguza mwanga wake mara 12 tu. Kukifikisha kelvini 10 kunapunguza mara 1,200. Kukifikisha kelvini 4 kunapunguza karibu mara milioni 7. Baridi hailipi kidogo kidogo: inakawia, kisha inalipa kwa mpigo.

Kioo kizuri cha chuma si kitu cheusi. Hutoa asilimia moja au mbili hivi ya mwanga huo. Lakini asilimia 2 ya 3.9 ni 0.077, na hiyo ni mara 24 ya mwanga wa wingu zito la kelvini 10 linaloziba picha nzima. Maana yake, kigunduzi cha darubini yenye kioo cha vuguvugu kinaona hasa kioo chake. Ukiipitisha darubini huku na huku juu ya wingu unaweza kuutoa mwanga huo usiobadilika, na ndivyo inavyofanywa. Kisichotoka ni kelele: fotoni hufika kwa mafungu yasiyo sawa, na kelele hukua kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha mwanga wote unaoingia, uwe wa nyota au wa kioo.

Hatua ya 3: Amua nini kipozwe

Kuna njia mbili zilizokwisha kurushwa, na kila moja ina bei yake.

Njia ya kwanza ni kuacha kioo kikuu na cha pili kwenye hewa, na kupoza kila kitu kinachofuata ndani ya kriostati, yaani chupa kubwa ya ombwe yenye tangi la heliamu kimiminika. Hivyo ndivyo darubini za BLAST zilivyofanya: vioo vya ndani kwenye kelvini chache tu, vigunduzi chini ya kelvini 0.3.

Njia ya pili ni kuzamisha darubini nzima katika birika la heliamu lililo wazi juu. Chombo cha ARCADE kiliruka hivyo 2006 kutoka Palestine, Texas, na PIPER ilifuata njia hiyohiyo. Inasikika kama wazimu mpaka ujue mambo mawili. Kwanza, kwenye kilomita 38 kanieneo ya hewa ni ndogo sana, na heliamu huchemka kwenye kelvini 1.5 hivi badala ya 4.2, bila pampu yoyote. Pili, hewa iliyobaki ingeganda juu ya vioo, kwa kuwa naitrojeni huganda kwenye kelvini 63, ila gesi ya heliamu inayochemka humwagika kwenda juu na kuisukuma hewa nje. Hakuna dirisha, kwa hiyo hakuna mwanga wa dirisha. Bei yake ni uzito wa birika, na ndiyo sababu watu wamejaribu mabirika mepesi yanayopanda yakiwa na vuguvugu na kujazwa heliamu hukohuko juu.

Ukiniuliza, kamera inayopiga picha ya vumbi katika upana mkubwa wa mawimbi ishike njia ya kwanza. Hewa iliyobaki juu ya puto nayo inang'aa katika mawimbi fulani, na kamera itaupokea mwanga huo hata kioo kiwe baridi namna gani. Lakini ukisanifu spektromita inayokatakata mwanga katika vipande vyembamba, ili kutazama mstari wa kaboni wa maikroni 158 kwa mfano, kati ya mistari ya hewa kuna giza la kweli, na hapo kupoza kila kitu kunalipa gharama yake yote. Tuendelee na kamera.

Hatua ya 4: Chora vioo viwili vya mbele

Tumia mpangilio wa Cassegrain: kioo kikuu mbonyeo, kioo cha pili mbinuko mbele yake, mwanga unarudi kupitia tundu katikati ya kioo kikuu. Kioo kikuu kiwe na urefu wa fokasi sawa na kipenyo chake, mita 2, ili darubini iwe fupi na iingie kwenye gondola, yaani fremu inayoibeba chini ya puto. Kioo cha pili kikuze mara 5, urefu wa fokasi wa jumla uwe mita 10. Weka fokasi ya mwisho nusu mita nyuma ya kioo kikuu.

Ukitatua hesabu, kioo cha pili kinakaa mita 1.58 mbele ya kioo kikuu, kikiwa na kipenyo cha sentimita 42, na kinaziba asilimia 4 hivi ya mwanga. Picha ya anga yenye upana wa robo ya nyuzi inakuwa na upana wa sentimita 4.4 kwenye fokasi.

Usiridhike na skrini. Chora mpangilio huu kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake halisi. Unataka darasa lenye nafasi ya mita 3 kwa 2, mkanda wa kupimia, na mshipi wa kuvulia samaki utakaokuwa miale. Funga mshipi kwenye msumari ukingoni mwa kioo kikuu, uvute hadi ukingo wa kioo cha pili, uurudishe hadi fokasi. Kisha mwenzako asogeze kioo cha pili nusu sentimita tu mbele, muone fokasi inakimbilia wapi. Kwa mpangilio huu, milimita moja ya kioo cha pili husogeza fokasi milimita 26. Tuliyaona hayo sakafuni, na hakuna aliyehitaji kuelezwa tena kwa nini kioo cha pili kinawekewa mota tatu za kukirekebisha kikiwa angani.

Hatua ya 5: Sanduku baridi

Ndani ya kriostati, mwanga uliopita fokasi unafunguka tena. Ukamate kwa vioo vitatu vya mpangilio wa Offner: mbonyeo, mbinuko, mbonyeo, vyote vikizunguka kituo kimoja, kile cha katikati kikiwa na nusu ya nusukipenyo cha mpindo wa vingine. Mpangilio huu hunakili picha kwa ukubwa uleule bila kuiharibu sana. Sababu kubwa ya kuuchagua, hata hivyo, ni kwamba juu ya kioo cha katikati inatokea sura ndogo ya kioo kikuu. Ukingo wa kioo hicho kidogo ndio unaoamua kigunduzi kitaona sehemu gani ya kioo kikuu.

Sasa rudi kwenye swali la ukutani. Ukiuacha ukingo huo uwe mpana, kigunduzi kitachungulia nje ya kioo kikuu na kuona gondola na ardhi, vyote vyenye joto. Ufanye mwembamba kidogo, kioo kikuu kitumike mita 1.9 tu za katikati. Unapoteza karibu asilimia 10 ya eneo, lakini kila mwale unaopotea njiani unaishia kwenye rangi nyeusi ya kelvini 4. Fanya vivyo hivyo kwa kivuli cha kioo cha pili na cha miguu yake: kata vipande vyeusi vya umbo hilo, uvibandike juu ya kioo cha katikati. Naipenda kazi hii kuliko zote katika usanifu, maana kipande kidogo cha bati nyeusi kinaifanyia picha mema kuliko mwezi mzima wa kusugua kioo.

Hatua ya 6: Dirisha na vichujio

Dirisha la kriostati linatengenezwa kwa polithini nzito, plastiki ileile ya majerikeni ya maji. Macho yetu hayaoni upande wa pili wa jerikeni, lakini mawimbi ya maikroni 250 hupita. Kila uso wa plastiki hii huakisi asilimia 4 hivi, kwa hiyo dirisha tupu linapoteza asilimia 8 au 9. Dawa yake ni kuubandika utando laini wenye vinyweleo, unaopinda mwanga kidogo kuliko plastiki yenyewe, unene wake ukiwa robo ya wimbi ndani yake. Kwa maikroni 250 unene huo ni maikroni 51. Kwa kamera ya maikroni 350 ni 71.

Dirisha liwe na kipenyo cha sentimita 10, karibu na fokasi ambako mwanga ni mwembamba, lakini si juu ya fokasi yenyewe, la sivyo kila punje ya vumbi iliyotua hapo itaingia kwenye picha. Likiwa chini ardhini hewa inalisukuma ndani kwa nguvu inayolingana na uzito wa mtu wa kilo 80, nalo linabonyea. Juu angani msukumo huo karibu unaisha. Hesabu mpindo wake katika hali zote mbili.

Sasa hesabu joto linaloingia. Dirisha la ukubwa huo, kwa kelvini 300, linamimina wati 3.6 ndani. Wati moja huchemsha lita 1.4 za heliamu kwa saa. Tangi la lita 250 litakauka kwa siku 2, ilhali safari za Antaktika huhesabiwa kwa wiki. Ndiyo maana mbele ya kila ngao ya joto (ganda la chuma lililopozwa linalozunguka sanduku baridi) unaweka vichujio vya wavu mwembamba wa chuma, vinavyopitisha mawimbi marefu unayoyataka na kurudisha nje yale mafupi yanayobeba karibu joto lote. Kichujio kimoja hakitoshi, kwa kuwa nacho hupata joto na kuanza kung'aa. Panga kadhaa, kila kimoja kwenye ngao baridi kuliko iliyotangulia.

Hatua ya 7: Makosa ya uso na kusinyaa

Uso wa kioo ukikosea kwa wastani wa maikroni 5, kwa wimbi la maikroni 250 unabaki na asilimia 94 ya mwanga mahali pake. Maikroni 10, asilimia 78. Maikroni 20, asilimia 36. Andika mstari huu kwenye Python uchezee namba: math.exp(-(4*math.pi*e/w)**2), e ikiwa kosa na w wimbi. Kisha gawa bajeti. Ukiruhusu maikroni 10 kwa jumla, kioo kikuu kipewe 8, cha pili 4, vya ndani kwa pamoja 4. Makosa haya hujumlishwa kwa miraba yake, si moja kwa moja.

Kisha kuna kusinyaa. Ukitoa alumini kutoka joto la karakana hadi kelvini 4, kila mita inapungua milimita 4. Polithini inapungua karibu milimita 20 kwa mita. Nyuzi za kaboni karibu hazipungui. Lijaribu kidogo hapa mjini: kata ukanda wa jerikeni wa sentimita 50 na ukanda wa alumini urefu huohuo, uvipime, uvilaze usiku mmoja kwenye friza ya muuza samaki, uvipime tena mara tu vinapotoka, kabla umande haujavifunika. Alumini itakuwa imepungua nusu milimita hivi, plastiki milimita kadhaa. Mimi huwataka vijana wapime kwa mikono yao, na kanda ziwekwe sambamba mezani. Wakiisha kuuona mwanya ule hawafungi tena dirisha la plastiki kwenye fremu ya alumini kwa skrubu zilizokazwa.

Kanuni inayotoka hapo: sanduku baridi liwe la alumini mwanzo hadi mwisho, vioo, meza na vishikizo. Vyote vikisinyaa kwa kiasi kimoja, umbo linabaki lilelile kwa ukubwa mdogo zaidi, na fokasi haihami. Hatari ni kuchanganya. Kioo kikuu cha alumini kwenye miguu ya nyuzi za kaboni, joto likishuka nyuzi 50, fokasi yake ya mita 2 inapungua milimita 2.3 na miguu inabaki palepale. Picha zako zinavumilia nusu milimita tu ya kioo cha pili.

Vioo vya nyuzi za kaboni ni vyepesi na havisinyai, lakini vinataka uangalifu. BLAST ya 2005, iliyorushwa kutoka Kiruna, Uswidi, ilikuwa na kioo cha aina hiyo cha mita 2, na picha zake zilitoka na ukungu kuliko ilivyopangwa. Safari ya Antaktika ya 2006 ilitumia kioo cha alumini cha mita 1.8 na ikaleta ramani nzuri. Kwa usanifu wa kwanza nachagua alumini.

Hatua ya 8: Jua, ardhi na puto lenyewe

Zungushia darubini ngao ya karatasi ya plastiki iliyopakwa alumini, ndefu upande wa jua. Kumbuka pia kwamba puto likishajaa lina upana unaozidi mita 100 na liko juu yako moja kwa moja. Nebula ya Orioni hupita karibu na utosi wa Malindi, kwa hiyo darubini iliyoning'inia juu ya mji huu ingepaswa kuitazama ikichomoza au ikizama, si ikiwa juu kabisa. Wekea gondola kikomo cha nyuzi 55 hivi juu ya upeo wa macho, halafu orodhesha mawingu yanayopatikana chini ya hapo.

Hatua ya 9: Michoro ya fundi

Kila kipimo kwenye mchoro kiandikiwe joto lake. Kioo cha ndani kinachotakiwa kuwa na nusukipenyo cha mpindo cha milimita 400 kwenye kelvini 4 kinakerezwa milimita 401.7 karakanani. Andika namba zote mbili, ya baridi kwa rangi ya buluu na ya karakana kwa nyeusi, na umwambie fundi afuate nyeusi. Weka alama tatu ndogo nyuma ya kila kioo za kukirudisha palepale kikitolewa. Kioo kikishakerezwa, kitumbukize mara kadhaa katika naitrojeni kimiminika na kukirudisha kwenye joto la chumba kabla ya mkato wa mwisho, ili mikazo iliyobaki ndani ya chuma itoke mapema. Kisha pima uso upya, uingize kosa ulilopima kwenye ule mstari wa Python badala ya kosa uliloruhusu, na uhesabu tena mwanga utakaofika kwenye kigunduzi.